Waya Niliosema Nimeuvuta

Nina umri wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani, mkazi wa Msasani hapa Tukuyu. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Tanga kabla sijazaliwa. Wateja hunisifu kuwa ni mwaminifu… na kila ninapolisikia neno hilo, nainamia cherehani.

Mtajiuliza fundi cherehani aliingiaje kwenye mambo ya ndege. Kuna mwalimu mstaafu hapa mjini aliyeanzisha klabu ya kurusha ndege ndogo za mbao. Hazitumii rimoti. Ndege inafungwa nyaya mbili nyembamba za chuma, mrushaji anasimama katikati ya uwanja ameshika mpini, na ndege inamzunguka kwa kasi. Mbele ina propela kali. Ikishapaa huwezi kuizima, unasubiri mafuta yaishe.

Niliitwa kushona vitambaa vya mabawa, nikanogewa, nikabaki.

Huko ndiko nilikokutana na Tumpe, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Alikuwa ndugu kwangu. Nilipojifungua mtoto wa pili, ni yeye aliyenifulia nguo wiki nzima. Yeye alirusha, mimi nilikuwa msaidizi wake, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuzivuta nyaya kwa mzani wa ndoano kabla ya kila mruko, kuhakikisha hazitakatika.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye uwanja wa mpira karibu na Kiwira. Tumpe alimleta mama yake kutoka kijijini kwao Nkunga, ambaye hakuwahi kuona ndege zetu. Bibi yule aliketi nyuma ya kamba ya watazamaji, akacheka kama msichana. "Kumbe linaluka kweli," akasema.

Alasiri ukungu ukaanza kushuka kutoka mlimani. Mwalimu akataka tufunge. Tumpe akamwomba mruko mmoja tu, mama amwone akiipindua ndege kichwa chini.

Nilipokunjua nyaya, niliona mmoja una kikunjo, na penye kikunjo ndipo waya hukatikia. Waya mpya ulikuwa kwenye mkoba, mbali, upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nimechoka, nasikia baridi, nataka kurudi nyumbani. Nikakinyoosha kikunjo kwa kucha…

"Dada, umevuta?" Tumpe aliniuliza.

"Nimevuta. Zote nzima."

Ndege ilipaa. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ukungu ukatufunika ghafla, mzito, hata Tumpe pale katikati nikawa namwona kama kivuli. Ndege yenyewe hatukuiona tena. Tulisikia mlio wake tu, ukija na kwenda.

Nikasikia waya ukikatika. Tumpe akaanguka chali. Mlio ukabadilika, ukapanda juu ya vichwa vyetu, ukashuka, ukapanda tena. Mwalimu alipiga kelele tulale chini. Nililala, mikono kichwani, uso kwenye majani yaliyolowa. Niliomba dua zote nilizofundishwa nikiwa mdogo, na katikati ya dua nilijua fika ni nani aliyeileta hatari ile.

Halafu mlio ukakatika.

Tulimkuta mama yake Tumpe ameketi kwenye majani, ameshikilia usoni kanga iliyoloa damu. Sisi tulipolala chini, yeye peke yake alikuwa amebaki amesimama, akiitafuta ndege ya mwanawe kwa macho. "Tumpe," akasema polepole, "ndege yako imenigonga."

Hospitalini walijitahidi, lakini jicho la kushoto halikupona.

Mwalimu aliniuliza mbele ya wanachama wote kama nilizivuta nyaya. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Nilivuta. Labda Tumpe alikaza mno akijaribu kuipindua kwenye ukungu." Kipande cha waya kilichokatika penye kikunjo nilikuwa nimeshakitupa chooni.

Je, mnajua kuishi na hofu kulivyo? Mtu akibisha hodi, nilidhani wamejua. Tumpe akinyamaza kidogo, nilidhani amejua. Uzi ukikatika kwenye cherehani, niliruka kitini. Miezi saba nilikuwa hivyo.

Tumpe aliacha klabu. Siku moja mchana alikuja dukani kwangu, amekonda, akaniambia anataka kuhama. "Siwezi kumtazama mama usoni, dada. Mimi ndiye niliyempofusha." Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga. Wewe peke yako hujanitupa."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimwambia yote, kikunjo, uongo, choo. Nilitegemea anipige. Aliuachia mkono wangu taratibu, akasimama.

"Twende Nkunga," akasema. "Mama utamwambia mwenyewe. Na ukae upande anaoona."

Nilikaa upande huo. Mama alinisikiliza huku akimenya maharage. Nilipomaliza, hakunitazama mimi, alimtazama binti yake. "Kwa hiyo ndiyo maana ulikuwa huji nyumbani?" Wakalia wote wawili, wameshikana. Mimi nilitoka nje, hakuna aliyeniita nirudi.

Sasa mama hajambo, Tumpe anamtembelea kila wiki. Klabu ilinifukuza, na ilikuwa haki. Tumpe tukikutana sokoni ananisalimia, "Habari za asubuhi," kisha anapita. Hajaniita dada tena.

Ndugu wasomaji, sote tunakosea. Kosa langu lilikuwa la dakika moja, na kama ningelisema siku ile ile, pengine ningesamehewa. Lakini nilimwacha mwenzangu abebe mzigo wangu miezi saba, nikamtazama akikonda. Nawasihi, ukikosea, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Usimwache mtu anayekupenda aamini kwamba ni yeye aliyekosa.