Shimo la Chokaa la Wifi

Kila asubuhi Mshonaji alifungua dirisha, akaketi kwenye cherehani, akatazama uani. Alijiambia anatafuta mwanga wa kutungia uzi. Kwa kweli alikuwa akimtazama wifi yake.

Nyumba yao ilikuwa moja, ya zamani, ya mawe na chokaa. Nusu ilikuwa ya Mshonaji. Nusu ilikuwa ya kaka yake na mkewe. Plasta ilikuwa ikibomoka kote kuwili.

Ofisi ya mji ilikuwa imeleta fundi wa kufundisha ukarabati wa nyumba za zamani. Wifi alimwita Mshonaji waende pamoja. Mshonaji akasema ana nguo za kushona. Sasa wifi alikuwa amechimba shimo uani, akalaza chokaa ndani ya maji, akafunika kwa mbao.

"Shimo lote hilo, wifi? Unajenga ikulu?"

Wifi alicheka. "Ngoja tu. Ikilala miezi mitatu, inalainika kama siagi."

Mshonaji hakucheka. Majirani walikuwa wakipita na kumsifu wifi. Hata kaka, ambaye zamani alikunywa chai kwa dada yake kila asubuhi, siku hizi alikunywa akiwa amesimama kando ya shimo. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Miezi mitatu? Ataniona," alinong'ona.

Wifi alipoanza kupaka kuta zake, Mshonaji alinunua saruji na kumwita kibarua. Siku mbili tu, ukuta wa chumba cha kushonea ukawa laini kama kioo.

"Wifi, njoo uone kazi!"

Wifi alipapasa ukuta. "Wifi, ungeniuliza kwanza..."

"Nikuulize wewe? Umekuwa injinia lini?"

Wifi aliondoa mkono ukutani. "Hongera, wifi," akasema, akarudi kwake.

Mvua zikaja. Ukuta ukaanza kutoka jasho. Saruji ikavimba. Mshonaji alikuwa amepanga sare arobaini za shule kando ya ukuta huo, na mwalimu angezichukua Ijumaa. Jumanne alizikuta zina madoa ya ukungu. Alifunga mlango, akakaa chini, akalia. Kazi ile ndiyo iliyomlisha.

Jumatano mlango uligongwa.

"Wifi, cherehani yako imenyamaza tangu jana. Unaumwa?"

Mshonaji alifungua. Wifi alitazama ukuta, akatazama sare. Hakusema "nilikwambia". Alizibeba zote. Wakazifua pamoja, wakaanika chumbani kwa wifi, ambako kuta zilikuwa kavu. Madoa yalitoka. Kisha wifi akamleta yule fundi, mama mnene aliyeitwa Bi Mwiko.

Bi Mwiko aligonga ukuta kwa kidole. "Unasikia? Ndani kuna uwazi. Saruji imeachana na jiwe. Ukuta wa namna hii hunyonya maji ya ardhini na ya mvua. Chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji inayafungia ndani."

"Basi nimeuvalisha nailoni kwenye jua," Mshonaji alisema polepole.

"Ehe! Na jasho likaenda wapi?"

"Kwenye sare zangu."

Wote watatu wakacheka.

"Tutabandua saruji polepole, tusivunje mawe," Bi Mwiko alisema. "Ukuta ukauke. Halafu chokaa na mchanga, tabaka jembamba juu ya jembamba. Kila tabaka tulifunike kwa magunia mabichi, lisikauke haraka likapasuka. Na mvae glavu na miwani. Chokaa huunguza ngozi na macho."

Mshonaji aliinamisha kichwa. "Chokaa yenyewe nitaitoa wapi? Nikiilaza leo, ni miezi mitatu tena."

Bi Mwiko alimshangaa. "Kwani wifi yako hakukwambia? Nilimuuliza, shimo kubwa hivi la nini? Akasema nusu ni yako."

Walitoka uani, wakafunua mbao. Katikati ya shimo kulikuwa na ubao umesimamishwa. Upande mmoja ulikuwa mtupu. Upande wa pili ulikuwa umejaa chokaa nyeupe, haijaguswa.

"Nilikuwa nangoja uniulize," wifi alisema.

"Nami nilikuwa dirishani nakuchukia," Mshonaji alisema. "Nisamehe, wifi."

"Nilikuona. Shika mwiko."

Ijumaa mwalimu alichukua sare, akaagiza nyingine. Saruji ilipobanduliwa na ukuta kukauka, mawifi walipaka chokaa pamoja. Kaka alileta chai, vikombe vitatu.

Mvua zilizofuata, Mshonaji alikuwa dirishani akishona. Nguo zake zilikuwa kavu. Alimwona jirani akipita na mfuko wa saruji begani.

"Wee! Hiyo ya wapi?"

"Ya ukuta wangu. Nataka ung'ae kuwapita nyinyi wawili!"

Mshonaji aliujua wivu ule; uliwahi kuwa wake. Aliacha cherehani, akatoka mbio.

"Irudishe dukani, ndugu yangu. Njoo nikuoneshe pa kuchimba shimo. Na ulichimbe kubwa, la nyumba mbili."