Ndugu wa Juu ya Bati

Paa likivuja, linavuja. Hilo halimshangazi mtu. Ogopa paa linalovuja kwa adabu.

Ndivyo lilivyoanza nyumbani kwa Kyaruzi, Kagoma, wilayani Muleba, Jumapili moja ya Novemba, watu wametoka misa na ndizi bado ziko jikoni. Tone la kwanza lilidondoka ukumbini, katikati ya meza, to! Annastella, mke wa Kyaruzi, akaleta beseni. Likadondoka la pili, la tatu. Kyaruzi akafungua kinywa kusema neno, tone likasita. Akafunga kinywa: to! Akafungua: kimya. Akafunga: to!

"Mama Joyness, umeona? Hili tone linanisikiliza."

"Afadhali limepatikana la kukusikiliza," akajibu Annastella. "Mimi niliacha mwaka wa pili wa ndoa."

Kyaruzi alikuwa mshereheshaji. Tumbo kubwa, sauti kubwa, suti tatu zinazong'aa kuliko bwana harusi. Kati ya Muleba na Bukoba mjini hapakuwa na ukumbi ambao hajashika kipaza sauti chake, na kila mgeni aliyeingia, awe mwalikwa au mdoezi aliyefuata harufu ya pilau, alipokewa kwa maneno yaleyale, na lile "waitu" la Kihaya, yaani mtu wetu: "Karibu, waitu! Nyumba yangu ni yako!" Watu walimcheka na walimpenda. Kinywa chake kilikuwa mlango usio na komeo.

Lakini siku hiyo utani haukufika mbali, kwa sababu nyuma ya ukuta wa ukumbi alikuwa amelala mama yake.

Ma Vestina alikuwa na miaka themanini na mitatu, na wiki tatu tu tangu atoke hospitali alikolazwa kwa nimonia. Daktari alisema bila kupaka sukari: "Kifua hiki kikae pakavu. Akilowa tena, msimlete kwangu. Mpelekeni kwa padri." Kyaruzi alimbembeleza ahamie kwa mjukuu wake Joyness kule Nshambya, kwenye nyumba mpya, kavu kama biskuti. Bibi akakataa. Kutoka dirishani kwake aliliona kaburi la mumewe, mzee Rweyemamu, kati ya migomba, na alisema mwanamke mwenye akili hahamii mahali ambapo hawezi kumchunga mume wake.

Basi Kyaruzi akampigia Damian, fundi wa bati wa Kashai.

"Mzee, mvua hii sipandi pikipiki," Damian akasema. "Nakuja kesho asubuhi. Sasa sikiliza. Zima umeme. Sogeza vitu. Dari ikivimba, toboa katundu kadogo kwa msumari, weka ndoo chini, maji yatoke yenyewe, la sivyo dari yote itawashukia. Halafu usipande. Umenisikia? Usipande darini."

"Mimi? Nipande na tumbo hili?"

Dari ilikuwa imevimba kweli, imening'inia kama kifuko. Kyaruzi akatoboa. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia na yalinuka shombo, ile shombo ya mwaloni asubuhi wavuvi wanapomwaga samaki. Wakatazamana. Ziwa lilikuwa mbali kule chini. Kagoma iko juu, na mawingu hayanuki samaki.

"Labda panya amefia huko," akanong'ona Annastella.

"Panya mvuvi?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu tone lilikuwa limehama. Sasa lilidondoka nusu hatua kutoka mezani, upande wa ukuta wa mama. Wakasogeza beseni. Baada ya dakika tano, nusu hatua nyingine. Ndipo Kyaruzi alipovua shati la misa, akaegemeza ngazi, akasukuma kifuniko cha dari na kupanda alikokatazwa kupanda.

Darini palikuwa na giza la mvua, popo wawili na kelele ya bati kama makofi ya harusi elfu. Akatambaa juu ya mbao na tochi ya simu mdomoni. Akaona tundu. Lilikuwa tundu la msumari tu, dogo kama jicho la kuku. Akalipaka sabuni ya mche. Sabuni ikasukumwa nje, taratibu, kama mtoto anavyotema uji. Akaisukuma tena, ikatemwa tena. Akaweka kipande cha mpira wa tyubu; ukingo wa bati ukamchana kidole gumba, damu ikatiririka.

Hapo akaitua simu juu ya ubao, akakaa apumue. Na Mhaya akishakaa, hata darini, mkono huingia mfukoni wenyewe kutafuta kahawa ya kutafuna. Akatoa tunda moja kavu, akalipasua kwa meno, zikatoka punje mbili zilizokuwa zimelala kifua kwa kifua. Moja ikabaki ulimini. Akanyonya kidole chake, damu na kahawa vikachanganyika. Ile ya pili akaitazama, akalitazama tundu, akaona vinalingana. Akaibana kwa gumba lenye damu mpaka ikakaa.

Na kinywa, kilichozoea kipaza sauti, kikasema chenyewe:

"Haya, ndugu yangu! Wewe shika hapo juu, mimi nashika huku chini. Karibu, waitu! Nyumba yangu ni yako!"

Akameza punje yake.

Juu ya bati, nacho kitu kikameza.

Aliisikia vizuri, gulup, nzito na ya kuridhika. Kisha mvua ikanyamaza mahali pale pamoja tu, juu ya kichwa chake, huku ikiendelea kupiga paa lote lililobaki, kama vile mtu amesimama pale na mwavuli.

Alishuka haraka kuliko alivyopanda. Tone lilikuwa limekoma, Annastella akapiga vigelegele, beseni likarudi jikoni. "Fundi gani tena?" akasema. "Baba Joyness, kumbe unajua kazi!"

Saa kumi na mbili jioni wakaketi kula. Annastella akavuta kiti cha nne, kile cha wageni, aweke sahani ya mama juu yake, akarudisha mkono. Kiti kilikuwa kimelowa, mahali pa kukalia tu, umbo la makalio, na maji yalikuwa bado yakitiririka polepole kwenye miguu ya kiti, ingawa dari juu yake ilikuwa kavu.

"Kyaruzi!" Sauti ya mama ilitoka chumbani, ndogo. "Njoo hapa."

Akaenda. "Shikamoo, mae."

"Mbona unaniamkia mara ya pili?"

"Mara ya pili vipi? Ndiyo kwanza naingia."

Ma Vestina alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu aliyeungua. "Umeingia sasa hivi. Umesema, 'Mae, nimefika.' Sauti ni yako. Ukanishika mkono. Mkono ulikuwa wa samaki."

Kyaruzi akainamisha tochi. Sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kitandani, palikuwa na nyayo zilizolowa, na alizifuata kwa macho, moja, halafu nyingine, halafu nyingine, akitafuta kitu kilichomsumbua bila kukijua, mpaka akakijua: kila unyayo ulikuwa wa kulia, wa kulia na wa kulia tena, na wa kushoto haukuwapo hata mmoja.

"Umetafuna kahawa na nani leo?" mama akauliza.

Akamweleza yote. Punje, damu, maneno. Bibi akasikiliza amefumba macho.

"Miaka yote nakwambia utakuja kukaribisha mtu usiyemjua," akasema. "Hiyo ni omukago, mwanangu. Zamani wanaume wawili wakitaka undugu, walichukua punje mbili za tunda moja, wakazipaka damu, kila mtu akameza. Huyo ndiye ndugu kuliko wa tumbo moja. Humnyimi chakula. Humfungii mlango. Ukimfungia, ile punje inavimba ndani yako mpaka upasuke."

"Lakini mae, yule si mtu."

"Ni yule wa ziwani, bwana wa maji na dhoruba mwenye mguu mmoja, tusiyemtaja jina mvua ikinyesha. Punje haiulizi wewe ni wa ukoo gani."

"Na kesho Damian anakuja..."

"Kumfungia mlango."

To! Tone lilidondoka kwenye mto, karibu na sikio la mama.

Annastella hakungoja ruhusa. Akaleta chupa ya maji ya baraka, akanyunyiza kuta, kitanda na dari. Dari ikayanyonya kwa pupa, na matone yakawa mawili. "Mama Joyness," Kyaruzi akanong'ona, "unampelekea maji mtu wa maji?" Wakasogeza kitanda, tone likafuata. Wakakisogeza tena, likafuata. Wakataka kumbeba mama wamtoe nje, lakini nje mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo, na kutoka mlangoni mpaka kwa jirani hapakuwa na njia ila kupitia mvua ileile. Mwishowe Kyaruzi akachukua mwavuli wake mkubwa wa maharusi, wenye mistari myekundu na myeupe, akakaa kitandani na kumshikia mama yake mpaka kulipokucha. Maji yakagonga mwavuli, yakatafuta ukingo, yakaingia, na kila yalipomgusa kifuani bibi alikohoa, na kila alipokohoa, kitu huko juu kilisogea hatua moja, kikasimama, kikasikiliza.

Asubuhi Damian alikuta mvua bado inanyesha na mwenye nyumba amesimama uani, macho mekundu, mkono tumboni.

"Ziba," Kyaruzi akamwambia. "Ukisikia kelele, usisimame."

"Kelele za nani?"

"Zangu."

Annastella akamshika mumewe mkono. "Baba Joyness, usifanye hivi."

"Nisipoziba, mama hafikishi usiku mwingine. Umesikia kile kifua?" Akajaribu kutabasamu. "Mimi nina tumbo kubwa. Huenda punje ikakosa njia."

Damian akapanda. Akalikuta tundu, na ndani yake punje ya kahawa iliyoota mizizi myembamba myekundu, imeng'ang'ania bati. Akaishika kwa koleo, akavuta. Chini, Kyaruzi akaanguka kifudifudi kwenye matope. Damian akaona hiyo haifai, akaamua kukata kipande chote cha bati atoe pamoja na uchafu wake. Alipokwisha kukikata, pakabaki uwazi kama sahani. Akaweka bati jipya, akapiga msumari wa kwanza.

Ngo! Vifungo vya shati la Kyaruzi vikaruka.

Ngo! Tumbo likapanda, likang'aa kama ngoma, na kutoka kinywani mwake, kile kinywa kilichokaribisha wilaya nzima, yakatoka maji ya ziwa, mengi, baridi, na ndani yake dagaa mmoja, mzima, akirukaruka kwenye matope.

"Mzee!" Damian akapiga kelele. "Niache?"

"Piga!" Kyaruzi akakoroma. "Piga, Damian! Mama analowa!"

"Acha."

Sauti haikuwa kubwa, lakini nyundo ilisimama hewani. Ma Vestina alikuwa mlangoni, shuka begani, fimbo mkononi, mvua ikianzia inchi moja mbele ya pua yake. Akainua uso kwenye paa, akaongea kama mama anavyoongea na mtoto aliyechelewa kurudi.

"Wewe uliye juu. Jana uliingia chumbani kwangu ukaniita mae. Basi mimi ni mama yako; ndivyo omukago ulivyo, mama wa mmoja ni mama wa wote wawili. Sasa niambie, mtoto gani anammwagia mama yake maji kifuani? Ndugu yako huyu amenishikia mwavuli usiku kucha. Wewe umenifanyia nini?"

Bati likalia, kama mtu anayebadilisha mguu ambaye hana wa kubadilisha.

"Mwachie tumbo. Damian, ng'oa bati lako jipya. Na wewe wa juu, mlango wako hatuufungi, mwanangu. Ila ukae hapo hapo juu. Uzuie mvua kwa mkono wako isiniguse. Usishuke mpaka siku ya kunizika. Siku hiyo watoto wote wa kiume huingia ndani."

Damian aling'oa misumari. Uwazi ukabaki wazi kabisa. Mvua iliendelea kunyesha, na yeye akiwa shibiri mbili kutoka pale aliiona inafika juu ya ule uwazi na kutawanyika pembeni, hewani, kama inayopiga kiganja. Alishuka bila ngazi. Nyundo yake iko Kagoma hadi leo.

Tumbo la Kyaruzi lilirudi chini, ila si lote. Alipopata pumzi, akamuuliza mama yake kitandani, kwa sauti ya chini:

"Mae, kwa nini hukumwambia akae huko milele?"

"Milele ni uongo, na huyu hadanganywi. Nimekununulia muda. Nitunze."

Anamtunza. Uji kwa saa, dawa kwa saa, blanketi tatu. Harusini bado anaitwa, lakini wageni siku hizi anawasoma kwenye orodha jina kwa jina, na yale maneno yake maarufu hayasemi tena. Nyumbani uwazi uko vilevile, na haijaingia hata chembe ya mvua. Mezani wanaweka sahani nne. Ya nne hukutwa asubuhi imelowa na tupu.

Wiki iliyopita Ma Vestina alikohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu, cha vumbi. Kyaruzi aliacha kijiko hewani, akasubiri.

Juu, mguu mmoja ukaruka hatua moja. Kisha nyingine. Ukasimama juu ya mlango wa mbele, mahali ambapo mtoto wa kiume husimama akingoja kuitwa ndani.