Moyo wa Kitanda cha Mwisho

Siku ile wodini, Kipanga alibandika stetoskopu kifuani mwa bibi wa kitanda cha mwisho, asisikie kitu. Si mapigo, si pumzi. Alikisogeza kifaa kushoto, akakishusha chini ya titi, akakipuliza, akakigonga kwa ukucha. Kifaa kilikuwa kizima. Basi, akajiambia, mbovu ni mimi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu mwingine yeyote akikosa kusikia mapigo ya moyo humshuku mgonjwa. Mwanafunzi wa udaktari aliyekwisha kufeli mtihani wa wodi mara moja, na kuambiwa kwamba akifeli tena afungashe virago, hujishuku mwenyewe. Jina la Kipanga alipewa shule ya msingi, kwa kuwa hakuwahi kushika namba mbili, na tangu hapo alilibeba kama mtungi kichwani, shingo haigeuki. Kila walipozungushwa kwa wagonjwa wasikilize, wenzake wote walitikisa kichwa: nasikia, nasikia. Naye alitikisa. Hakujua kama wenzake walisikia kweli, na nani angethubutu kuuliza?

Mkono wa bibi ulikuwa wa baridi, macho yamefumba. Kipanga alidhani amelala.

Mwalimu wao, daktari bingwa wa moyo, akafika na msafara wa wanafunzi nyuma yake. Alikuwa na haraka. Alisimama miguuni pa kitanda wala hakumgusa mgonjwa.

"Moyo?"

"Mapigo ya kawaida, mwalimu. Hakuna sauti ya ziada."

"Vizuri." Akatia saini kwenye faili, akageuka.

Kipanga alikuwa akikunja kifaa chake aliposikia godoro likilia. Kifua cha bibi kilipanda, taratibu, kikashuka. Shuka lilitoa harufu ya nguo mbichi zilizokunjwa kabla hazijakauka. Bibi akafumbua macho.

"Ahsante, mwanangu," alinong'ona. "Umesema mwenyewe."

Jioni yake nesi wa zamu alikuwa akizozana na wachukuzi wa mochwari. "Nawaambia alikata roho! Nimekwenda kutafuta shuka la kumfunika, narudi nakuta daktari bingwa kaandika ni mzima. Na sasa kitanda kitupu, kaondoka kwa miguu yake!" Kipanga alipita ukutani, kichwa chini, akijifanya hakusikia.

Wiki ile harufu ya nguo mbichi ilihamia bweni la wasichana. Kipanga alifua kila kitu mpaka pazia, na harufu haikubanduka. Kisha ikaja sauti. Alilala kitanda cha chini, na cha juu yake hakikuwa na mtu, waliweka mabegi. Huko juu kukaanza kudunda, duk-duk, duk-duk, dhaifu, mfano wa mtu anayejifunza.

"Usilale," sauti ya bibi ilimwambia kutoka juu, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto ale. "Soma. Ukikwama nitakuambia."

Na kweli ilimwambia. Mishipa ya mkono, dawa za presha, dalili za ini, vyote vilitiririka masikioni mwake hata katikati ya jaribio, na Kipanga akaongoza darasa. Mwalimu akampa mkono. Mama yake, fundi cherehani, alipiga simu akilia kwa furaha. Sasa nani atamwuliza aliyeongoza darasa kama anaumwa? Alikonda mpaka koti likawa linamvaa yeye, macho yakaingia ndani, na watu wakasema huyo ndiye anayesoma bwana, igeni mfano.

Mwenzake wa chumba aliitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Siku hizo naye aliishiwa maneno. Alasiri moja alimvuta Kipanga koridoni.

"Niambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Pale juu yako analala nani?"

"Mabegi."

"Mabegi hayakohoi, Kipanga."

Kipanga alikwenda kwa daktari wa wanafunzi. Alikwenda kwa nia njema kabisa, na njiani alikuwa ameyapanga maneno yote. Daktari akauliza: unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Kuna mawazo yanayokusumbua? Nyuma ya pazia la daktari kikadunda kile kitu, duk-duk, safari hii kwa nguvu, na Kipanga akaona jina lake likiandikwa miongoni mwa walioshindwa.

"Hapana, daktari. Kila kitu kawaida."

Alitoka na vidonge vya vitamini.

Tangu hapo alianza kujisikiliza mwenyewe. Kila mchana alijifungia bafuni, akabandika kifaa kifuani pake, na kila mchana mapigo yalikuwa yamekwenda mbali kidogo, kama mtu anayetembea huku akigonga milango ya nyumba za jirani, kisha za mtaa wa pili, mpaka ikafika siku aliyosimama pale na maji yakidondoka kwenye ndoo, akakibana kifaa mpaka ngozi ikauma, akazuia pumzi, akasubiri, akasubiri tena, na alichosikia ni maji tu, na nyuma ya maji, upande wa pili wa mlango, moyo uliojaa, wenye afya, unaodunda kwa raha zake. Alilia kwa hofu. Kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba atakufa, na atakufa akiwa na alama za juu.

Redio ndiye aliyempigia shangazi yake Kipanga. Shangazi huyu alikuwa akitoa majini. Ndugu walimcheka mbele za watu na kumfuata kwa mlango wa nyuma. Alikuja siku hiyo hiyo, akasimama kizingitini mwa chumba, asiingie. Alinusa, akamshika mpwa wake kifundo cha mkono. Alikishika kwa muda mrefu.

"Ulimwambia nini?"

"Yeye sikumwambia kitu, shangazi. Nilimwambia mwalimu." Akamweleza yote, akinong'ona, macho kwenye kitanda cha juu.

"Basi ndiyo hivyo," alisema shangazi. "Mwili ule ulikuwa mtupu, mwenyewe ameshaondoka. Jini lilikuwa mlangoni linangoja wa kulikaribisha. Wewe ukasema mle ndani mna moyo. Sasa linakudai huo moyo, na wewe unao mmoja tu."

"Litoe, shangazi. Nakuomba."

"Siwezi. Limeingia kwa ulimi wako, litatoka kwa ulimi wako. Ukaseme kweli mbele ya yule yule uliyemdanganya. Halafu urudi kwa daktari ukamwambie hulali. Huko nako useme kweli."

"Nitafeli! Watanifukuza. Mama ameshatangaza mtaa mzima."

"Mtaa utanyamaza, mwanangu. Mtaa una mambo mengine."

Mtihani wa wodi ulifika. Mwalimu alikaa na mtahini mgeni kutoka chuo kingine. Pazia likavutwa, na kitandani alikuwa yule bibi wa kitanda cha mwisho, amerudi bila mtu kuuliza alikotoka, mashavu yamejaa, midomo myekundu.

"Sikiliza moyo, utuambie," alisema mwalimu, akitabasamu. Huyu alikuwa mwanafunzi wake bora.

Kipanga akainama. Aliusikia moyo waziwazi, pigo la kwanza, pigo la pili. Aliujua. Alikuwa ameusikiliza bafuni siku zote zile, asingeweza kuukosea. Ulikuwa wake.

"Sema," ilinong'ona sauti ya bibi, midomo haikutikisika. "Sasa ni kweli. Sema kawaida, tutoke sote tumefaulu."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Aliona cherehani la mama yake likisimama, aliona virago, aliona jina la Kipanga likiwa kichekesho, na kifuani mwake hamkuwa na kitu cha kumtia moyo, hamkuwa na kitu kabisa.

"Mwalimu," alisema, "siku ile sikusikia kitu. Huyu bibi hakuwa na mapigo. Nilidhani ni ujinga wangu, nikaona aibu, nikasema kawaida. Nilikudanganya."

Kitu kilimpiga kifuani kutoka ndani, kwa nguvu, akapiga magoti. Kikapiga tena. Moyo wake ulikuwa umerudi, unauma, unakimbia. Kitandani kifua cha bibi kilishuka na hakikupanda, mashavu yakabonyea, taya likaanguka.

"Mwenzangu," alisema mtahini mgeni, akisogea, "huyu mama mbona hivi? Hebu msikilize."

Mwalimu akachukua stetoskopu yake mwenyewe. Alisikiliza kushoto, akasikiliza chini ya titi. Kisha akakipuliza kifaa, akakigonga kwa ukucha. Kipanga, akiwa pale sakafuni, aliuona uso wake na akautambua ule woga. Saini ya siku ile ilikuwa ya mwalimu. Bingwa wa moyo alikuwa amepita kwenye maiti akaandika mzima.

"Vipi?" aliuliza mgeni.

"Usiseme, mwalimu!" Kipanga alipiga kelele. "Nakuomba, usiseme!"

Mwalimu alinyoosha koti lake. "Mapigo ya kawaida," alisema. "Binti huyu amechanganyikiwa. Mtoeni nje."

Godoro likalia. Bibi akafumbua macho, na hakumtazama Kipanga hata kidogo. Alimtazama mwalimu.

Walimtoa Kipanga wakiwa wamemshika mikono, naye alilia njia nzima, kwa aibu, kwa furaha ya kusikia kifua chake kikigonga, na kwa usingizi wa wiki nyingi uliokuwa ukimjia wote kwa pamoja. "Nipelekeni kwa daktari," aliwaambia. "Silali. Naumwa." Nyuma yake, kabla mlango haujafungwa, alimsikia mwalimu akimwita mwanafunzi anayefuata, akikatika pumzi kidogo, kisha akiomba aletewe kiti.