Kigoda Kisichokubali Kukaa Kitupu

Nilishuka kwenye chumba cha maonyesho jua likizama. Kazi ilikuwa ndogo tu: kuzipitia picha zote mara ya mwisho, kuzima taa, kwenda zangu nyumbani. Ufunguzi ulikuwa kesho yake jioni. Nilikuwa nimechoka hoi, miguu inakwenda kwa mazoea tu.

Niieleze kwanza kazi yenyewe. Makumbusho yetu yamejaa vitu vya kale visivyotazamwa na mtu, na mhifadhi, bosi wangu, alitaka watu wa mtaani waje kuvitia uhai. Nikapewa warsha niiongoze. Kila mshiriki alichagua kitu kimoja, akakitengenezea mtu wa kukitumia. Ukielekeza simu kwenye kinu, unamwona mwanamke anatwanga. Ukiishusha, kinu ni kinu tu. Mhifadhi anauita uhalisia ulioongezwa. Kinyozi, mmoja wa wanafunzi wangu, aliwaita majini ya simu, na jina lake ndilo lililoshika.

Namna ya kuwatengeneza ni hii. Unamkalisha mtu tuli, unamzunguka polepole na kamera, chini, kati, juu, mpaka simu imjue pande zote. Halafu unaifundisha simu umbo la kitu chenyewe, kilivyosimama. Ikikiona hivyo, inamleta yule mtu. Kikilazwa au kikipinduliwa, haikitambui, na mtu hatokei.

Kila kitu kilipata mtu wake isipokuwa kigoda kimoja, kifupi, cha mti mweusi, kilichotolewa ghalani. Kibao chake kilisema mwenyewe hajulikani. Bibi Mkunga, mstaafu na mkubwa wa darasa zima, alipokiona alitoka nje, akasimama ukumbini mpaka nilipokifunika kwa kitambaa. Baadaye alinivuta pembeni. Alisema mwenyewe anajulikana sana, ila hatajwi. Alikuwa mwanamke wa kuponya na kuroga, inategemea umemwendea na nini. Alipokufa walikipindua kigoda chake miguu juu, kwa sababu kikisimama hakikubali kukaa kitupu. Kinatafuta wa kumkalisha, na mwenyewe anapata nafasi ya kutembea.

Kwa kweli ghalani nilikikuta miguu juu. Mimi ndiye niliyekisimamisha, ili simu ikijue. Nilimwambia Bibi asijali, nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa usingizi.

Maana usingizi nilikuwa sina. Mama yangu anaugua ugonjwa wa kusahau. Mimi, mtoto wake wa pekee aliyebaki karibu, ananiita dada, ananiita muuguzi, siku nyingine ananiita mwizi. Jioni analia apelekwe nyumbani akiwa yuko nyumbani. Usiku anatembea, anajaribu milango, nami nalala na ufunguo shingoni, jicho moja wazi. Kaka yangu hupiga simu kila Jumapili kunipa moyo. Moyo ninao, kaka. Ninachotaka ni mtu wa zamu.

Kwa kuwa mpaka alasiri sina wa kumwachia, nilikuwa naenda naye warshani. Hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja tena. Mchana ule mhifadhi alipita akasema kesho hataki kuona kitu bila mtu. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Tulibaki mimi na mama.

Nikachukua simu, nikaanza kumzunguka.

"Unanizungukia nini, dada?" akauliza.

Nikamwambia nampiga picha. Akanyoosha mgongo, akatabasamu. Nilipomaliza nikakifunua kigoda, nikamweka juu yake, ndani ya simu. Jirani yetu, yule anayenisaidia kila alasiri, akaja kumchukua mama wakaenda nyumbani. Mimi nikabaki kumalizia.

Basi jioni hiyo nikapita kimoja kimoja. Mwanamke wa kinu, sawa. Babu yake kinyozi na wembe wake, sawa. Bibi harusi wa fundi cherehani, mwanafunzi mwingine, alikuwa anaelea kidogo juu ya sakafu, nikamshusha. Nikafika pembeni, kwenye kigoda.

Harufu ilinifikia kwanza.

Mafuta ya kafuri. Yale ninayompaka mama magotini.

Nikageuka nikidhani jirani amemrudisha. Hapakuwa na mtu. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikainua simu...

Mama alikuwa amekaa. Nilimpiga picha ameangalia dirishani, kitambaa mkononi. Sasa mikono ilikuwa mitupu, imeshika kingo za kigoda kwa nguvu, na uso umenigeukia mimi. Nikasogea kushoto. Macho yakanifuata. Nikasogea kulia.

Yakanifuata.

Sauti sikurekodi. Hilo nina hakika nalo.

"Kidoti..."

Kidoti ni jina la utoto wangu, kwa ajili ya alama niliyo nayo shavuni. Ni mama peke yake aliyeniita hivyo, na alilisahau kabla hajasahau kitu kingine chochote. Nililia siku ile kuliko siku tuliyomzika baba.

"Kidoti, nyumbani umemwacha nani?"

"Nimemwacha mama," nikajikuta najibu.

"Mama mimi hapa."

Nikaifuta ile picha. Simu ikaniambia imefutika. Nikainua tena, na mama alikuwa pale pale, sasa analia bila sauti, kama anavyolia akijua mlango umefungwa. Mlinzi akagonga, akaniambia anafunga. Niliondoka nusu nakimbia, kwa sababu mtu wa nyumbani nilitaka nimwone kwa macho yangu.

Jirani alinipokea nje, uso umemng'aa. Akasema mama amepata nafuu, tena nafuu ya ajabu, amemshukuru kwa jina na kumruhusu arudi kwake mapema. Ndani palikuwa pamefagiwa. Chakula kilikuwa jikoni. Mama yangu, ambaye asubuhi nilimvalisha viatu, alisimama mbele ya jiko anakoroga sufuria.

"Pole na kazi, mwanangu," akasema.

Alikumbuka kila kitu. Alimuulizia kaka kwa jina, aliuliza paa lilivuja wapi. Aliniita kwa jina langu lote, lile lililoandikwa kwenye vyeti. Nikasogea karibu yake kama mtoto, nikitaka kumkumbatia. Kafuri haikuwepo. Alinuka mbao kavu na dawa ya mchwa, harufu ya ghala la makumbusho.

"Mama, nilipokuwa mdogo ulikuwa ukiniitaje?"

Akakoroga. Akakoroga tena.

"Mwanangu," akasema.

Nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikampigia Bibi Mkunga. Nilimweleza yote kwa kunong'ona. Hakunilaumu. Aliuliza kigoda kimesimama au kimepinduliwa, nikamwambia kimesimama.

"Kipindue kabla watu hawajaanza kumtazama. Akishazoeleka pale, harudi."

"Na huyu wa huku?"

"Huyu ataondoka. Wako atarudi vile vile alivyokuwa. Umenisikia, binti yangu? Vile vile."

Nikakaa pale maji yanamwagika. Vile vile maana yake kuvutana milangoni usiku. Maana yake kuitwa mwizi. Nilipotoka, yule mwanamke alikuwa amenitandikia. Aliniambia makumbusho yameshafungwa, na nilijua ni kweli, nisingeweza kuingia mpaka asubuhi. Aliniambia nilale, atafunga mlango mwenyewe.

Nililala.

Sitasema uongo. Sijawahi kulala usingizi mtamu namna ile. Nilipoamka jua lilikuwa limeingia chumbani, na nikaanza kulia, kwa sababu mama yangu alikuwa amekaa gizani peke yake usiku kucha, na mimi nimelala.

Yule mwanamke alikuwa ananisubiri mlangoni. Sikumwambia ninakokwenda.

"Usiende," akanong'ona. "Umechoka, mwanangu. Nani mwingine atakulaza?"

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Alisema kweli. Hakuna mtu duniani aliyeniambia maneno yale, wala kaka, wala bosi, wala mama mwenyewe alipokuwa mzima. Kama angeongeza Kidoti mwishoni, ningevua viatu. Hakuongeza. Nikapita.

Mlinzi alikuwa ndio kwanza anafungua. Sikuinua simu, niliogopa. Niliinama, nikashika kigoda nilichokibeba kwa mkono mmoja kutoka ghalani.

Hakikuinuka.

Kilikuwa kizito, na uzito wenyewe naufahamu. Ni uzito wa mama ninapomtoa bafuni, mwili uliolegea, usiosaidia, unaoogopa kuanguka. Nikakikumbatia kwa mikono miwili.

"Nimekuja, mama," nikasema. "Nishikilie."

Kitu kikanishika shingoni... baridi... nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kigoda kikapinduka, kikagonga sakafu miguu juu. Kukawa kimya. Halafu harufu ya kafuri ikanipita usoni, ikaelekea mlangoni.

Nilipofika nyumbani nilimkuta sakafuni karibu na kitanda, amejikojolea, kitambaa mkononi. Jiko lilikuwa baridi.

"Wewe nani?" akaniuliza.

Nilicheka, nikalia, nikamwogesha, nikampaka mafuta. Jirani alikuja, akasikitika kwamba nafuu haikudumu. Mimi nilishukuru. Mhifadhi alipouliza kigoda kimefanyaje, nikamwambia ndivyo kinavyotakiwa kukaa, na nilivyomwangalia hakuuliza tena. Ufunguzi ukafanyika. Watu walielekeza simu zao pale, hazikuona kitu, wakaenda kwenye kinu.

Yangeishia hapo, ningesema nimepona. Lakini kadiri siku zinavyopita, kuna jambo linanila. Mama hajaniita Kidoti tena. Asingeweza kuniita, amesahau, najua. Ana harufu ya kafuri, lakini ninayempaka ni mimi. Analia apelekwe nyumbani, anajaribu milango, anakunja kitambaa. Mtu asiyekumbuka chochote, unamjuaje kwamba ndiye? Njia ni moja tu: nikisimamishe kigoda, niinue simu, nione kama kuna mtu bado amekaa. Na nikikisimamisha nikakuta kitupu, nitakuwa nimekifungulia tena njia ya kumchukua. Mara mbili sasa nimekutwa na mlinzi nimesimama pale, mkono juu ya mguu wa kigoda, nimeshindwa.

Jana jioni nilikuwa nampaka mafuta magotini. Ghafla akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Macho yake yalikuwa yametulia, ya mtu mzima kabisa.

"Kile kigoda," akanong'ona. "Usikisimamishe."

Mama yangu angesema hivyo, kwa kuogopa kurudishwa kule. Na yule mwingine angesema hivyo hivyo.

"Kwa nini, mama?"

Mkono ukalegea. Akanitazama usoni, akanitazama tena, akaniuliza mimi ni nani. Na mimi nilikuwa natamani kumuuliza yeye.