Sanduku la Debe Tatu

Kila Jumamosi Tuhfa alifagia karakana ya baba yake, fundi Uweso, pale Nguvumali, kisha akatia vipande vya mbao jikoni na kuteleka maharagwe. Jumamosi hiyo mbao zilikuwa za kitanda cha marehemu mama yake. Bibi Semeni, aliyemzaa marehemu, aliomba zifanywe sanduku la mbegu za mahindi, apate kumkumbuka mwanawe kila msimu wa kupanda.

"Kitako tayari, sentimita hamsini kwa arobaini," alisema baba. "Bibi yako anataka liingie debe tatu, kila debe lita ishirini. Kimo kiwe ngapi? Mimi niliishia darasa la nne, fundi wa hesabu ni wewe."

Tuhfa alifungua daftari. Lo! Swali la juzi lilikuwa na hamsini na arobaini zile zile, limepigwa vema kwa kalamu nyekundu. Lakini jibu hilo alilinakili kwa Loveness, jirani yake wa dawati, wala hakuelewa hata chembe.

"Ishirini, baba."

Baba akampigapiga begani kwa fahari, akashika msumeno; vipande vilivyokatwa Tuhfa akavifagia na kuvitia jikoni kama kawaida.

Alasiri bibi akafika kutoka Maramba na mbegu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Debe la kwanza likaingia. La pili likajaza sanduku pomoni. La tatu likakosa pa kwenda.

"Nimepima vibaya, mama," alisema baba, akiona haya mbele ya mkwewe. "Tuhfa, niletee vile vipande niviunge juu."

Tuhfa akageukia jiko. Vipande vilikuwa majivu, na maharagwe yalikuwa yameiva. Akaangua kilio.

"Si wewe, baba! Ni mimi. Jibu nililinakili. Na mbao za mama nimezipikia maharagwe!"

Bibi aliketi chini, akalikumbatia lile sanduku fupi, machozi yakimtiririka. Maskini, hakuna aliyekula siku hiyo.

Baada ya kitambo baba alimpa Tuhfa penseli. "Fanya mwenyewe sasa. Usipojua, sema."

Alimuuliza baba mara mbili vipimo vya kitako na debe, akaandika polepole. Lita sitini ni sentimita za ujazo 60,000. Hamsini mara arobaini ni 2,000. Ukigawanya unapata thelathini. Swali la daftarini lilikuwa la lita arobaini, naye hakulisoma.

Baba akaunga ukanda wa msonobari, sentimita kumi, na debe la tatu likaingia. Lakini weupe wake juu ya mbao za mvule za mama ulionekana tangu mlangoni.

"Tuupake rangi, baba?"

"Hapana, uache." Baba alipangusa macho kwa kiganja chenye vumbi. "Mwanangu, kuuliza si aibu. Ungesema hujui, ningekwambia ukamuulize mwalimu Jumatatu. Mbao za mama yako zingengoja."