Kengele ya Mkanda

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi, kengele ya mkanda wa kiti cha abiria ilipolia ndani ya gari lililokuwa na mtu mmoja tu.

Kabla ya hapo siku ilikuwa kama siku nyingine. Mama Fyuzi, ndivyo wateja walivyomwita kwa kuwa alikuwa fundi umeme wa magari, alipakia hema, jiko dogo la gesi na dumu la maji kwenye gari la marehemu mumewe. Mnyoosha bodi aliyefanya naye kazi gereji moja alimtazama, nyundo mkononi.

"Hema lenyewe unajua kulisimamisha?"

"Likinishinda nitalala garini."

"Ukikoroma samaki watahama, shauri yako."

Mama Fyuzi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na msiba ulikuwa na miezi minne.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Mara tatu kwa mwaka, Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, alienda peke yake kupiga kambi kwenye pwani ya miamba, akarudi Jumapili na mawe mifukoni. Saa za maji kujaa na kupwa alizijua kama ratiba ya vipindi. Ndiyo maana hakuna aliyeelewa ilikuwaje mtu kama huyo akafa maji. Walimtafuta siku mbili. Gari lilikutwa juu ya mwamba, ufunguo ndani, betri imekufa, likarudishwa mjini juu ya lori. Yeye alikutwa chini, kwenye mawe.

"Alikwenda peke yake, shemeji, kama kawaida yake," Mlingoti alimwambia akilia. Mlingoti alikuwa mdogo wa marehemu, na jina hilo alipewa kwa urefu wake. Ndiye aliyeshika jeneza mbele. Ndiye aliyekuja kila Jumapili kusali na mjane na watoto, na Mama Fyuzi hakupitisha usiku bila kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sasa alitaka jambo moja. Kufika pale mumewe alipofia, asali, na kama Mungu akipenda, ajue ilikuwaje.

Basi kengele ikalia. Ti, ti, ti. Taa nyekundu ikawaka kuonyesha kwamba aliyekaa kiti cha pembeni hajafunga mkanda. Mama Fyuzi alitazama kiti. Hakuna hata kibeti juu yake. Akaegesha kando ya barabara, akaingiza mkono chini ya kiti na kuchomoa waya wa kile kibao kinachohisi uzito wa mtu. Kazi ya dakika moja. Ameifanya mara mia.

Aliporudi barabarani, kengele ikaendelea.

Ililia kilomita arobaini. Mwisho akachoka. "Haya, baba, funga mkanda basi," alisema, nusu mzaha, akauvuta ule mkanda juu ya kiti kitupu na kuufunga. Ta. Kimya.

Akaendesha mpaka alipofika.

Pwani ile haikuwa na mchanga wa kutosha kulaza mtoto. Ilikuwa miamba mitupu, myeusi, yenye makali, na bahari ikiipiga chini kwa sauti ya mlango mzito. Alisimamisha hema, likamshinda mara mbili, la tatu likakubali. Akala mkate. Akasali. Usiku ukapita, na hakuna kilichotokea.

Kulipopambazuka, kengele ikalia. Alitoka hemani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Gari limezimwa.

Alisogea polepole, akachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mkanda haukulala juu yake. Ulikuwa umetuna. Umezunguka umbo la kifua cha mtu, ukipanda na kushuka, taratibu, kama mtu anayepumua.

Hakukimbia. Kifua kile alikilalia miaka tisa.

"Ni wewe?" alinong'ona. Kisha, bila kujua kwa nini, akauliza, "Mbona umekaa huko? Si wewe ndiye dereva?"

Kengele ikanyamaza.

Ndipo alipokumbuka. Yeye na mumewe walikuwa wa kimo kimoja. Miaka yote ile hawakuwahi kusogeza kiti cha dereva. "Mungu alitupima kwa kiti kimoja," marehemu alipenda kusema. Lakini gari liliporudishwa baada ya msiba, miguu ya Mama Fyuzi haikufika kwenye pedali. Alikivuta kiti mbele meno matano ya reli yake, akidhani aliyelileta alikuwa mtu mrefu.

Gari lililetwa juu ya lori. Hakuna aliyeliendesha.

Akapiga simu.

"Shemeji! Mapema hivi? Uko wapi?"

"Kwenye miamba. Mlingoti, siku ile uliendesha wewe."

"Nani kakwambia?"

Hakusema siyo. Kengele ikaanza tena, polepole.

"Shemeji, uko na nani hapo?"

"Sema."

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kaka yake alimchukua njiani, akamwachia usukani. Asubuhi wakateremka kutafuta mawe. Mguu wa kaka ukanasa kwenye ufa. Wakavuta, ukagoma. Maji yakaanza kuja.

"Akanituma nikaite watu. Nikapanda juu. Nikaogopa, shemeji. Nikawaza, wataniuliza kwa nini nimerudi mimi, yeye amebaki. Nikaliacha gari, nikatembea mpaka barabarani."

"Na simu?"

"Huko hakuna mtandao. Haki ya Mungu."

"Mlingoti. Naongea na wewe nikiwa hapo hapo."

Mlingoti alivuta pumzi.

"Siku mbili ulitutazama tukimtafuta upande mwingine," alisema Mama Fyuzi. "Ukala kwangu. Ukanifuta machozi."

"Alikuwa akiniita," alinong'ona Mlingoti. "Nilimsikia mpaka juu."

Ta. Mkanda ukafunguka. Ukarudi mahali pake polepole, kama unavyorudi ukisindikizwa na mkono. Kengele ikakatika. Kwenye kiti ilibaki alama ya maji, pana, ya mtu aliyekaa muda mrefu.

Na kwenye simu Mlingoti akauliza, "Shemeji, mbona hiyo kengele imehamia huku?"

Mama Fyuzi alisali juu ya miamba, akakunja hema, akarudi. Njia nzima gari halikulia.

Jumatano gereji nzima waliisikia kabla ya kuiona. Ti, ti, ti. Pikapu ya Mlingoti ilikuwa kuukuu, haina hata redio. Ilitengenezwa kabla kengele za namna hiyo hazijawaziwa.

"Na huyu bibi naye siku hizi analia?" mnyoosha bodi alitania akiionyesha pikapu kwa kidole. Alipouona uso wa Mlingoti, akarudi kwenye nyundo yake.

"Nizimie hii kengele, shemeji. Tangu Jumapili sijalala."

Mama Fyuzi alichukua tochi, akafungua nati nne, akainua kiti cha abiria. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na kibao. Palikuwa na sponji imelowa, inadondosha maji ya chumvi. Na mkanda wa upande ule ulishakatika miaka mingi. Hapakuwa na cha kufunga.

"Hapa sina cha kuzima," alisema. "Nenda polisi ukaseme. Kisha njoo uwaambie watoto wake."

Mlingoti aliinamisha kichwa, akaondoka, na sauti ile ikaondoka naye hadi kwenye kona, na baada ya kona bado ilisikika.

Mama Fyuzi alifuta mikono, akafumba macho pale pale kati ya magari.

Ee Mungu, mume wangu aliita akaachwa. Wewe ulimsikia. Ufungue mguu wake. Mtoe majini, umkaushe, umpe mahali pake pa kukaa, asihitaji tena kiti cha mtu. Amina.