Aliyechukua Pasipoti ya Mwanafatuma

Ofisa wa uwanja wa ndege wa Khartoum aliitazama picha, akamtazama Mwanafatuma, kisha akatazama nyuma ya bega lake, mahali pasipokuwa na mtu.

"Anasema picha si yako," Iddi alimfasiria kwa sauti ya chini. Alikuwa mwalimu wa Vanga, naye akienda Kairo kwa ndege hiyo hiyo.

"Mwambie ni yangu, mwanangu. Mwambie mtoto wangu anayesoma Kairo ataka kupasuliwa, na madaktari hawamgusi bila saini ya mzazi."

Ofisa akaiweka pasipoti kando, akawaashiria wakae. Ndege ilikuwa ikitiwa mafuta, na ingeondoka baada ya saa mbili.

Mwanafatuma aliketi. Sababu ya picha kukataliwa aliijua, na huko kujua ndiko kulikomtesa. Kwao Kinondo alikuwa kiti cha jini aliyekuwa akimpanda kichwani, aliyemrithi kwa nyanya yake, na jini huyo alikuwa na leso yake nyekundu, isiyovaliwa ila siku ya ngoma yake. Lakini Kenya ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu uhuru, wapiga picha za pasipoti hawakuonekana kila siku, na yule wa Msambweni alipofika, leso zake nyingine zote zilikuwa mbichi kambani. Akajiambia jambo la dakika moja halina neno, akaivaa ile nyekundu.

Mganga wake, mzee Kavumbi, alipoiona picha alishika kichwa. "Uliyempiga picha ni yeye, si wewe. Umemkatia cheti cha kusafiria. Kapige nyingine."

Apige wapi, na telegramu ya hospitali imo mkononi?

Kwanza ilikuja harufu ya mawaridi, katikati ya moshi wa sigara na jasho la wasafiri, kisha zikaja njuga, hatua kwa hatua, zikapita nyuma ya benchi lake, naye akitaka kugeuka shingo haigeuki, akitaka kumwita Iddi ulimi hauinuki, mpaka akaisikia sauti yake mwenyewe pale mezani, ikizungumza Kiarabu ambacho hajapata kujifunza, ikicheka na ofisa, na muhuri ukagongwa.

Alipoweza kusimama, ukumbi ulikuwa mtupu. Pasipoti haikuwapo mezani. Alikimbilia dirishani akamwona Iddi akipanda ngazi za ndege, amembebea kikapu mwanamke wa leso nyekundu. Mwanamke akageuka. Uso ulikuwa wa Mwanafatuma, hata kovu la kidevuni.

Alipiga kioo kwa viganja mpaka ndege ikapaa.

Jioni ofisa mmoja alimhurumia, akaisoma ile telegramu, akampigia simu hospitalini Kairo.

"Abdulrahim, ni mama."

Kijana alijibu, "Mama yuko hapa. Amefika na mwalimu Iddi, ameshatia saini."

"Baba, huyo si mimi. Mwite daktari. Usimwache akushike."

"Amenishika mkono tangu alipofika. Anasema nikishapasuliwa haturudi Kinondo, tunakwenda kwao." Sauti ikashuka. "Nawe mbona una sauti ya mama?"

"Abdulrahim, nisikilize—"

"Anaitaka simu," kijana akasema. "Ngoja nimpe."